Shujaa Aliyejifunika Uso Mbele ya Mama Mkwe

Ile asubuhi ya vitambaa vyeusi ningali naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa. Kaa chini unisikilize. Nguo ya kijeshi uliyoahidiwa kule Base, kambini kwa wanajeshi, itasubiri.

Nilikuwa bado mwanafunzi hapa Kamina. Numbi, mume wa dada yangu Ngoie, alikuwa akituchorea katuni kwa kalamu ya bic, ukurasa mmoja kila Jumapili. Shujaa wake aliitwa Radi. Alijifunga kitambaa cheusi usoni, akaruka juu ya reli, akakamata wezi wa mabehewa ya treni, na serikali ikamsifu. Halafu Numbi akachora wakubwa wakimwamuru Radi awafukuze majirani zake mwenyewe. Hapo akakwama.

"Shemeji, Radi atafanya nini?" nikamsumbua.

"Minyi pia sijui," akasema, akicheka kidogo. "Bic njo itajua."

Bic haikujua. Mwaka ule amri ilishuka kwamba watu wa mkoa wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mama yangu alitoka Kasai, ndiyo, lakini alituzaa hapa, akazika mtoto hapa. Tulilala na nguo za kutwa, vyungu vimefungwa kwenye shuka. Mbwa akibweka, Mama anashika mlango. Bukari, ugali wetu, ulikuwa mchanga mdomoni.

Wakaja asubuhi, vijana wenye marungu, wote vitambaa usoni. "Mukasai atoke!"

Nkambo, mama wa baba, Mluba wa hapa hapa, alikuwa akichekecha unga mlangoni. Hakusimama. Aliangalia tu mikono ya yule wa mbele. Vidole vilikuwa na wino wa bluu.

"Numbi," akasema, "weye njo unaita mama mukwe yako na rungu?"

Unajua desturi yetu: mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, anaacha njia, anageukia pembeni mpaka apite. Numbi alikuwa hajawahi hata kula mbele ya mama yangu.

"Nkambo, si minyi... Iko amri ya bakubwa."

"Bakubwa njo balikupa Ngoie awe bibi yako? Mama Ngoie, toka! Mukwe yako amekuja."

Mama akatoka, unga na moshi vimemjaa kangani. Numbi akageuka hapo hapo, akachuchumaa mlangoni, akatuonyesha mgongo.

"Angalieni shujaa yetu!" mwenzake akapiga kelele. "Anaogopa mama muzee!"

Wakacheka, wakatukana, lakini hakuna aliyemruka kuingia. Wakaenda nyumba ya pili. Usifurahi haraka. Nyumba ya pili haikuwa na mkwe wa kuchuchumaa mlangoni, na vilio vyake bado navisikia.

Nkambo akauambia ule mgongo: "Kitambaa kinafunika uso, hakifuniki buko, ukwe wako. Kazi yenye inakuomba ufichie bako, bakwe yako, uso, aliyekutuma ni mwizi."

Mama aliondoka hata hivyo, maana mlango mmoja haushindi mji mzima. Numbi alimbebea mzigo mpaka stesheni, akimfuata kwa mbali, macho chini. Ukurasa wa mwisho wa Radi hakuuchora. Mama hakurudi.

Sasa vita imetufikia tena, nawe umejichora na bunduki, umebandika ukutani, unaniambia: "Mama, minyi niko upande wa serikali." Upande! Wa serikali leo, wa waasi kesho, wote watakuvika, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikukatazi kupenda nchi. Nasema hivi: kabla hujatii amri, jiulize ni nani ambaye utalazimika kujifunika uso mbele yake. Likikujia hata jina moja, kataa. Kataa mapema, ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa mlangoni pa watu umeshachelewa. Utaogopa. Ogopa tu, mimi mwenyewe naogopa sasa hivi.

Sogea nikupake pemba kifuani, udongo mweupe wa baraka alionipaka Nkambo. Uso wako ukae wazi, mwanangu. Kila njia utakayopita, watu wakuite kwa jina lako, nawe uitike.