Vitufe Tisa vya Fundi Saa

Kuna wanaoogopa nyoka na kuna wanaoogopa mama mkwe. Fundi Saa, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, alikuwa anaogopa maswali. Swali lolote lile. Hata ukimuuliza kama atakunywa chai, utaona macho yanamtoka na jasho linamchomoza puani. Jibu analijua, analiona kabisa limesimama pale mbele yake, ila akitaka kulishika linatoroka.

Hakuzaliwa hivyo, jamani. Miaka thelathini alikaa kwenye kibanda chake cha vioo nje ya duka la viatu, lenzi jichoni, anafungua saa za watu na kuzifunga, na mdomo wake ulikuwa haupoi. Mteja akilalamikia bei, jibu lilikuwa lile lile, tena analitoa bila kuinua kichwa: "Bei haipungui, ndugu yangu. Kinachopungua ni muda." Wengine walikuwa wanamletea saa nzima isiyo na ubovu wowote ili wamsikie tu. Kisha asubuhi moja, anapiga mswaki, kiharusi kikampitia. Kikachukua mkono wa kulia na kikaondoka na maneno. Si yote, kilibakiza ya kutosha kumtesa. Kijiko alikiita ufunguo. Mkewe mwenyewe yeye alimwita "kaka" wiki mbili mfululizo, na mama wa watu akawa anaitika.

Huyo mkewe ni Mama Pacha, mshona mapazia. Cherehani yake iko sebuleni, na hao pacha wenyewe walishaolewa zamani wakaenda kukaa mbali. Mama Pacha ni mwanamke wa mbio: anakata kitambaa, anapika, anaongea na simu, vyote kwa pamoja. Tangu kiharusi yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa mumewe. Kliniki nesi akiuliza, "Mzee analala lakini?" swali halijatua chini Mama Pacha ameshalidaka: "Analala kama mtoto mchanga, dada yangu!" Dukani hivyo hivyo, kwa jirani hivyo hivyo, kwenye simu na watoto ndiyo usiseme. Alifanya kwa mapenzi, nani atabisha? Lakini mapenzi yake yalikuwa na haraka. Wageni nao wakazoea. Wakija wanakaa wanamjadili Fundi Saa mbele yake utadhani wanajadili kabati, lisogezwe huku au libaki pale pale. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, tena kiti cha katikati, na lake bado halikuwepo.

Mchezo uliletwa na shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha, fundi kompyuta, mtu wa masihara asiyejua kuingia nyumba ya watu kimya kimya. "Shemeji, kliniki wamesema uchezeshe vidole. Sasa utachezesha wapi, kwenye meza ya chakula? Haya, shika hii." Akatega kompyuta kuukuu pembeni ya cherehani na kumfungulia mchezo ambao maelfu ya watu wanauingia kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja na mtu wake wa kumwigiza. Wapo mashujaa wa mapanga, wapo wachawi, na wapo wanaochuma tu majani ya dawa porini na kuyauza sokoni kwa dhahabu. Dhahabu ya humo humo mchezoni, si ya kuvaa shingoni. Shemeji akamuundia mchuma dawa mwenye kofia pana, akampa jina la Mshale.

Mwanzo ulikuwa balaa. Skrini imesheheni vikorokoro: ramani, vibendera, vitufe arobaini, na chini kabisa dirisha la maongezi, maneno ya watu wote yanamiminika humo bila breki. Dirisha hilo lilimtisha kuliko majoka ya porini. Maneno yanakimbia, yeye anayakimbiza, halikamatiki hata moja. Siku ya pili alizima mashine akalia. Lakini mchezo ule unamruhusu mtu aipange skrini yake anavyopenda, na hapo ndipo fundi alipoamka. Kupanga meza ya kazi, kila kifaa mahali pake, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kwa mkono wa kushoto, siku kumi na moja nzima, aliondoa kimoja baada ya kingine. Ramani, nje. Vibendera, nje. Dirisha la maongezi akalificha lisionekane tena, akapumua.

Akabaki na vitufe tisa vikubwa upande wa kushoto, vitatu kwa vitatu, pale kidole kinapofika bila kupapasa. Vitano vya kazi: kuchuma, kupanda farasi, kufungua mkoba, kuuza, kuweka sandukuni. Vinne akavibebesha maneno, maana kitufe cha mle unaweza kukifundisha sentensi, ukikibonyeza kinakusemea. "Habari zenu." "Asante sana." "Nimechoka, tuonane kesho." Na cha tisa, cha kuwajibu wanunuzi wabishi: "Bei haipungui, ndugu yangu."

Baada ya hapo hakushikika. Kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, kando ya mto ule ule, jani kwa jani. Alijua mashujaa hupigana mwisho wa wiki, basi dawa aliibania mpaka Ijumaa bei ipande. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka na nusu haukuisha, kundi la watu arobaini likamwomba ajiunge nalo. Kiongozi wao, mwanamke waliyemwita Jemadari, akamkabidhi sanduku la dhahabu yao wote, waliyokuwa wanajiwekea ili wanunue ngome. Sanduku likafungwa kwa jina la Mshale. Walimwandikia barua za mle mchezoni, na barua haikimbii, inamsubiri mtu aisome taratibu. Walimwomba ushauri! Habari ya mkono hawakuijua, wala ya maneno. Wao walimwita Mzee Mshale, na mambo yao mazito hawakuyaamua bila yeye.

Sasa Jumanne moja akawasha kompyuta, akakuta maandishi mekundu yametanda skrini nzima, ya aina isiyofichika:

"Mshale, Mlinzi amekuuliza mara tatu kama wewe ni mtu. Hukujibu. Leo saa nane kamili mchana atakuuliza kwa mara ya mwisho. Usipojibu kwa maneno yako ndani ya dakika tano, akaunti hii itafutwa pamoja na mali zote zilizofungwa kwa jina lake."

Alisoma mara nne, midomo inacheza. Walinzi ni wafanyakazi wa mchezo ule wanaowinda mashine, maana wapo wajanja wanaotega programu iwachumie dhahabu wenyewe wakiwa wamelala. Mlinzi akimtilia mtu shaka humsimamia mbele na kumuuliza, na swali linatokea kwenye dirisha la maongezi. Dirisha gani? Lile lile alilolificha kwa mkono wake mwenyewe! Mara tatu Mlinzi amesimama kando ya mto anamsemesha, na yeye anachuma tu, njia ile ile, saa zile zile, kwa mwendo usiobadilika wa mtu aliyeishi na saa. Hata mimi ningesema hii ni mashine.

 Mama Pacha alipoona amekuwa mweupe kama chaki alidhani kiharusi kimerudi, akaacha pazia katikati ya mshono. Alisoma yale mekundu, akampigia mdogo wake simu, na saa saba haijafika shemeji huyo mlangoni.

"Shemeji, umejifungia ndani na ufunguo umeumeza!" alisema, huku anarudisha dirisha la maongezi mahali pake. Kisha akaacha masihara, jambo ambalo kwake si la kawaida. "Nisikilize. Usijibu kwa vitufe vyako vya maneno. Wale wanavijua, mashine ndivyo zinavyojibu. Andika herufi moja moja."

"Aandike nini, na wewe!" alidakia Mama Pacha. "Nitaandika mimi. Dakika tano zenyewe, mimi nitamaliza kwa moja."

"Basi yamekwisha," shemeji akasema, akavuta kiti.

Fundi Saa alipaswa kushukuru. Badala yake hofu ilimzidi. Aliogopa kwa ajili ya watu arobaini na dhahabu yao, hilo ni kweli. Lakini chini yake kulikuwa na hofu nyingine, ile aliyokuwa anaikwepa miaka miwili yote. Mlinzi atauliza kama kuna mtu. Atajibu Mama Pacha. Itakuwa kweli basi kwamba ndani ya Fundi Saa hamna mtu tena, na aliyebaki ni kidole kinachobonyeza. Alitazama saa ya ukutani, ile aliyoitengeneza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani saa iharibike.

Saa nane kamili mtu mwenye joho la kijivu akatokea kando ya mto. Dirishani pakaandikwa: "Habari. Mimi ni Mlinzi. Je, wewe ni mtu? Jibu kwa maneno yako mwenyewe."

Maneno yote aliyokuwa nayo yakatawanyika. Kidole, mazoea yana taabu, kikakimbilia chenyewe kwenye kitufe cha tisa.

"Bei haipungui, ndugu yangu," Mshale akasema.

"Lahaula!" Shemeji akashika kichwa.

"Sijauliza bei," aliandika Mlinzi. "Wewe ni mtu?"

Kidole kikarudi pale pale. "Bei haipungui, ndugu yangu."

"Zimebaki dakika tatu," aliandika Mlinzi. Siku nyingine wangecheka wote watatu mpaka wakae chini. Siku hiyo hakucheka mtu.

"Sogea, Baba Pacha, sogea!" Mama Pacha alikwishaishika kibodi. "Wanatufuta hawa!"

Fundi Saa akailalia kibodi kwa kifua. Akatikisa kichwa. Akafungua mdomo, ukatoka upepo. Akafungua tena.

"Mimi," alisema.

Lilitoka zima, halina kasoro, kwa sauti ile ya kibandani. Mama Pacha akamtazama kama mtu aliyeitwa jina na maiti. Aliiachia kibodi, na kwa kuwa hakuiamini mikono yake, akaikalia.

Fundi Saa akaanza kuandika. *Mimi.* Kisha neno la pili, lile fupi kuliko yote, lile aliloulizwa, likagoma. Akaandika *ufunguo*. Akalifuta. Akaandika *kaka*. Akalifuta.  Zikabaki dakika moja na nusu. Hakuhitaji kutazama ukuta, alizisikia sekunde mbavuni. Nusu dakika. Hapo akaacha kulitafuta neno asilolipata, akashika yaliyokuwa karibu, jinsi yalivyo:

"mimi fundi saa. mkono moja. maneno yanakimbia. ngoja"

Akatuma. Mlinzi amesimama tu, joho linapepea. Sekunde ya mwisho ikapita, wote watatu wameiona inapita, na Mama Pacha akafumba macho.

"Nangoja," Mlinzi akaandika.

Dakika ya sita ikaisha. Ya saba ikaisha.  Katika dakika ya nane Fundi Saa akanyoosha kidole na kubonyeza herufi tatu, kila moja kwa kituo, kama anayeweka gurudumu dogo mahali pake ndani ya saa.

"mtu"

"Asante, fundi," Mlinzi akajibu. "Nimeandika kwenye faili lako tusiwe tunakuharakisha. Ila dirisha hilo usilifiche tena." Akatoweka. Sanduku likabaki, Mshale akabaki. Shemeji alipiga ukelele hadi jirani akachungulia. Mama Pacha peke yake hakushangilia. Alirudi kwenye cherehani akashona mstari mmoja, akaufumua, akaushona tena.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Chumba kile kile, benchi lile lile, nesi yule yule na kalamu yake. Nesi akamgeukia Mama Pacha kama kawaida. "Mzee analala lakini?"

Mama Pacha akavuta pumzi ya kujibu. Kisha akaitoa bure. Akachukua mikono yake yote miwili akaikalia.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Halafu ngoja."

Nesi akainua uso kutoka kwenye karatasi. Foleni nje ilikuwa inakohoa. Fundi Saa akahisi jasho lile lile, maneno yale yale yanapeana ishara ya kukimbia. Nesi akaangalia saa ya mkononi; Mama Pacha akamtolea jicho, naye nesi akaushusha mkono. Wakangoja. Wakangoja tena.

"Silali," alisema Fundi Saa. Akameza mate, akamtazama mkewe. "Miaka miwili. Naogopa."