Jiwe Alilolisingizia Mama

Binti yangu alirudi kutoka Meksiko na uso wa jiwe. Watoto wa wenzangu wakienda kusoma ng'ambo hurudi na wachumba. Wangu alirudi na jiwe la kijani, zito, lenye macho yaliyofumba nusu na midomo iliyoachana kidogo. Lilikuwa nakala tu, kazi ya mchongaji wa huko. La asili, alituambia, lilichongwa karne nyingi kabla Wazungu hawajaikanyaga Amerika, na inasemekana watu wale walikuwa wakiwawekea maiti wao nyuso kama hizo. Akaliweka kwenye rafu ya ukumbini kwangu, mjini Nizwa, nami nikalipenda papo hapo.

Taabu ilikuwa mama. Yeye yuko mji wa Ibra peke yake, katika nyumba waliyohamia wazee wangu walipotoka Unguja, na macho yake yanakwisha. Mwaka mzima nilikuwa nikimbembeleza aje akae kwangu. Aliposikia habari za lile jiwe, akapata pa kushika.

"Nyumba yenye sanamu malaika hawaingii, nikaingie mie?" aliniambia kwenye simu.

Nikasema nitalifunika wakati wa sala. Akasema khalas, basi yamekwisha, nisimghasi. Watu husema sanamu likishakatwa kichwa halina neno tena, lakini hili lilikuwa kichwa kitupu, sasa ukate wapi? Nilikasirika, na mimi hasira zangu sizifichi. Ijumaa nikalifunga jiwe kwa kanga, nikalitia garini pamoja na binti yangu aliyenuna, tukashika njia ya Bidbid mpaka Ibra. Nilitaka mama alitupe kwa mkono wake mwenyewe, halafu afunge virago twende.

"Shikamoo, bibi," binti yangu alisema mlangoni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekuja na huyo mtu wenu?"

Nikamwekea jiwe mapajani, lingali ndani ya kanga. Tangu mimi mdogo mama alikuwa akiitwa kuosha maiti za wanawake wa mtaa ule. Nyuso ngapi zimepita mikononi mwake, Mungu ndiye ajuaye. Vidole vyake vilitembea juu ya kanga, vikapapasa paji, vikateremka puani, vikasimama mdomoni. Alikuwa kama anataka kuufumba.

"Masikini," alisema. "Huyu alikuwa na watu wake."

"Basi sema tulitupe wapi, mama, tuondoke."



"Si jiwe, mwanangu. Jiwe nalisingizia tu. Hapa nilipo sikuoni, lakini najua sikuoni kwa sababu uko mbali. Nikija kwako n'takuwa sikuoni, na wewe upo mbele yangu. Hilo n'talivumilia vipi?"

Moyo uliniuma kwa mwaka mzima niliompigia kelele. Binti yangu, bila kuambiwa na mtu, akaliondoa jiwe mapajani kwa bibi yake. Nikapiga magoti, nikaushika mkono wa mama, nikauweka usoni pangu.

Alianza na paji. Hakuwa na haraka. Akapita kwenye nyusi, akapangusa machozi kama vile hayapo, akanibana mashavu kwa viganja viwili.

"Umekonda," alisema. "Haya, nitafutieni buibui langu."