Chombo cha Silikoni Juu ya Makaa

Kama kuna mtu hapa Garissa anayeweza kunijibu ndiyo au hapana, bado hajazaliwa. Nimeuliza kama kile chombo cha silikoni cha kuokea keki kina madhara, na kila mtu ananiambia, "Inategemea." Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, halafu baba akanitoa nikachunge mbuzi, lakini hiyo inategemea naijua vizuri. Ni neno la mtu anayeogopa kulaumiwa kesho.

Nianze na mikono, maana bila mikono hii nisingegombana na mtu. Vifundo vimefura, asubuhi hata kufungua bomba ni kazi. Na kila Ijumaa baada ya swala ya mchana wajukuu zangu huja kwangu kula doolsho, ile keki yetu ya mayai na iliki. Naioka kwa makaa: sufuria kubwa, mchanga chini, bati la keki juu ya mchanga, kifuniko, halafu makaa mengine juu ya kifuniko. Kupiga mayai bado naweza, mkono mmoja ukichoka nabadilisha. Shida ni kulitoa lile bati la moto. Mwaka huu limeniponyoka mara mbili. Mara ya pili keki yote ilimwagika mchangani, ikaliwa na mbuzi wa jirani, na mbuzi mwenyewe akaondoka amenuna. Hapo nikaona wazi kwamba nisipopata chombo chepesi, Ijumaa zangu zimekwisha. Tusidanganyane, watoto hawaji kwa bibi kusikiliza hadithi za ukame.

Nikamlalamikia binti yangu aliyeko Nairobi. Akanitumia kwa basi chombo cha rangi ya waridi, laini kama sikio la mbuzi. Unakikunja, kinakunjuka.

"Hooyo, hiki ni silikoni," akaniambia kwa simu. Hooyo ndiyo mama kwetu. "Hakivunjiki, hakishiki keki, kinaingia kwa moto bila shida."

Mwenyewe alisema hivyo, kwa moto bila shida. Nikakiosha, nikakiweka kwenye rafu pale juu ya chetezo, maana nyumba yangu ni ndogo na chetezo ninachochomea ubani kila magharibi hakina mahali pengine. Ijumaa ikafika nikaoka kama ninavyooka siku zote, makaa chini, makaa juu. Keki ikatoka kwa kidole kimoja, wallahi, sikuamini. Nilicheka peke yangu.

Mjukuu wangu mdogo wa kike akala kipande, akatema mkononi. "Ayeeyo," yaani bibi, "hii inanuka kama nguo za arusi."

Mama yake, mke wa mwanangu, alikuwa amesimama mlangoni. Huyu anafanya kazi ofisini na simu haitoki mkononi. Akakichukua kile chombo, akakigeuza. Ukingo ulikuwa umegeuka kahawia, ukigusa unanata.

"Hooyo, hii plastiki imeyeyuka. Umewalisha watoto plastiki."

"Si plastiki, ni silikoni."

"Silikoni ni nini?"

Nikasema ni mpira wa watu wa Nairobi. Akawafuta watoto midomo mmoja mmoja kwa kitambaa, mbele yangu, akasema mpaka ijulikane, hawali keki yangu tena. Ile kuwafuta midomo iliniuma kuliko maneno.

Nikampigia binti yangu. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

"Hooyo, uliweka makaa juu? Chini kimeandikwa digrii mia mbili na thelathini, isipite hapo. Na hakitakiwi kugusa moto wenyewe!"

"Makaa yangu yana namba wapi? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia kwenye WhatsApp."

"Unajua miwani yangu ilikaliwa na kaka yako!"

Nilipotulia nikakinusa kile chombo. Ukingo ulinuka kuungua, sikatai, lakini katikati kilinuka ubani mtupu. Binti yangu akasema ndiyo, silikoni hushika harufu, hasa ikiwekwa karibu na moshi. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili na yote yangu, ila lile la makaa nitamgawia nusu.

Lakini ngoja niseme jambo moja. Dada yangu alifanya biashara Ifo, kambini kwa wakimbizi, miaka mingi, na nikienda kumsaidia tulioka mikate kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Tunayakata kwa nyundo na patasi, rangi iko bado nje, na ikibanduka ikaangukia unga tunaitoa kwa ukucha. Hakuna aliyeuliza rangi ile ina nini. Huyu mke wa mwanangu mwenyewe alikula mikate ile akiwa msichana, akaomba kuongezwa. Leo ananifundisha sumu. Sisemi makopo yalikuwa salama. Labda vifundo hivi ndiyo malipo yake, nani ajuaye?

Basi nikaenda sokoni kutafuta chombo kingine. Binti alinifundisha kipimo: kikunje kwa nguvu, kikigeuka cheupe pale kwenye mkunjo, kimechanganywa na kitu cha bei rahisi, kiache. Nikakunja cha kwanza, cheupe. Cha pili, cheupe. Nilipofika cha tano mwenye duka akaniambia, "Mama, unanunua ama unavitesa?"

"Hiki ni salama kwa mtoto?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Na vile wewe unapika."

Nikaondoka bila kuaga. Nyumbani nikakikunja kile changu cha waridi, hakikugeuka rangi hata kidogo. Kumbe chombo kilikuwa kizuri, moto ndio haukuwa wake. Na binti akasema harufu inaweza kutoka kikichomwa kitupu ndani ya oveni, kwa moto wa kadiri. Oveni! Katika familia yote oveni ni moja tu, na iko jikoni kwa mke wa mwanangu.

Siku tatu nilikaa na kiburi changu. Ya nne nikapanda tuktuk mpaka kwake. Nikamwambia yote, chetezo, makaa, mkunjo. Akasikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Akachukua mkasi, akakata ule ukingo ulioungua, akanusa, akakiweka ndani kikiwa kitupu juu ya sinia la bati, maana peke yake kinalegea. Akazungusha kitufe mpaka mia moja na themanini. Saa nzima tulikaa tukingoja, kisha tukakinusa kwa zamu kama wanunuzi wa siagi. Ubani ulikuwa umetoka.

Ijumaa hiyo niliokea kwake. Keki ilitoka kwa wepesi, lakini chini ilikuwa nyeupe kama mtu aliyetoka kuugua, haina ile ngozi ya kahawia ya makaa. Mke wa mwanangu akala kwanza yeye, polepole, ndipo akawakatia watoto. Walimaliza.

Mtu akiniuliza leo kama silikoni inafaa, nitamwambia inafaa kwa mwenye oveni yenye namba na mwenye mikono mibovu. Kwa makaa, aache kabisa. Mimi mikono mibovu ninayo, na oveni ni ya mwenzangu. Ijumaa ile nilinyanyuka kufungua mlango wa oveni niangalie keki ya pili, mke wa mwanangu akanizuia kwa kiganja.

"Kaa, hooyo. Jikoni kwangu natoa mimi."

Nikakaa, nikamwambia haijaiva, aiache kidogo. Akaiacha.