Mbona Jumapili Kimya

Usiku ule sikumwomba Mungu anionyeshe mtu yeyote. Nilisali sala yangu fupi ya uzeeni, nikashukuru kwa mkate, kwa blanketi na kwa binti yangu Neema anayenitunza katika nchi hii ya baridi, nikalala. Zakayo akaja mwenyewe.

Zakayo alikuwa mtu wa kwetu Usangi. Alinitangulia Marekani kwa miaka mingi, akafanya kazi katika kiwanda cha ngozi mpaka kilipofungwa. Lakini mji mzima ulimjua kwa kazi yake ya Jumapili: alishika mnyororo uwanjani. Ndugu wa nyumbani watakaosoma haya wajue kwamba mpira wa huku si wa miguu. Una ncha mbili, watu huubeba mikononi, na timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi kumi. Pakiwa na shaka kama yadi zimetimia, huletwa mnyororo wa kupimia, wenye mti kila upande. Wanaoushika ni watu wa mji tu, si wachezaji. Wanauvuta, na uwanja wote unanyamaza.

Alipokuwa anakata roho aliniambia, "Mwinjilisti, mnizike kilimani, juu ya uwanja. Nikisikia kelele nitajua tumepata." Tukacheka naye. Tukamzika huko. Halafu mwenye timu, mjukuu wa mzee aliyeijenga, akaihamishia mji mwingine wenye jua, pamoja na jina lake na rangi zake. Geti la uwanja likafungwa. Nyasi zikaota kwenye ngazi.

Katika ndoto nilisikia kwanza harufu ya ngozi mbichi. Kumbe Zakayo amekaa kwenye kiti changu cha dirishani, amevaa fulana yake ya uwanjani.

"Bado unalala na soksi?" akaniuliza.

"Baridi ya kwenu hii."

"Hii? Ungeijua ya chini." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nimekuja kwa neno moja, Mwinjilisti. Mbona Jumapili kimya?"

"Labda upepo umegeuka," nikasema.

"Upepo," akarudia, akainuka. Nami nikainuka, na chini ya miguu yangu hapakuwa na zulia tena. Palikuwa na tope.

Tuko nyuma ya kiwanda. Wanaume wanatoka zamu, mikono imeiva rangi ya kahawia hadi viwikoni. Mmoja anashona kofia ya kuchezea kwa vipande vya ngozi vilivyobaki, anaivaa, na mwenzake anaigonga kwa ngumi kuijaribu. "Imekaa!" anasema aliyegongwa, anatema jino, wote wanacheka. Hiyo ndiyo timu. Nikigeuka, tope limezungukwa na mbao. Nikigeuka tena, mbao zimekuwa zege, theluji inaanguka, kina mama wanagawa supu, na kengele za makanisa yote zinalia kwa sababu kombe limekuja mjini. Halafu vita, na vijana wameondoka, na wazee wenye vitambi wanavaa tena jezi ili timu isife. Halafu miaka mirefu ya kushindwa, na watu bado wanakuja, wamefunika watoto ndani ya makoti.

Sasa viti vimejaa mpaka juu. Nikaona jambo moja. Kwa baridi ile, mvuke ulitoka mdomoni mwangu peke yangu.

Wote waliokaa vitini walitazama mlango ambao timu huingilia.

Zakayo akanipa mti mmoja wa mnyororo. "Shika. Vuta." Nikavuta. Mpira ulikuwa umelala kwenye tope, na mnyororo uliponyooka ulionyesha mpira umepungua vidole viwili. Vidole viwili tu. Nikanyoosha mguu niusogeze kidogo.

"Usiguse! Kwa kushika kipimo hiki Jumapili nilikosana na wazee wa kanisa, leo nikuachie wewe?" Akanikaribia, akashusha sauti. "Haya, sema. Si upepo."

"Wameondoka, Zakayo. Timu imehamishwa, na jina lake. Uwanja huu utavunjwa."

Akautazama ule mti mkononi mwake. Kutoka viti vya juu, mzee mmoja mwenye kofia ya ngozi akaita, "Bado?"

Zakayo akainua mkono juu. "Bado kidogo!"

Yule mzee akakaa tena, akajifunika koti vizuri, akaendelea kuutazama mlango.

"Punguza sauti," Zakayo akaniambia. "Hawa wanadhani ni mapumziko."

"Nani atawaambia?"

"Si mimi. Wala wewe, siku utakapoletwa kilimani. Na wenzako waambie: atakayezikwa kule asije na habari hii."

Nikataka kumshika mkono. Nikashika chuma cha kitanda, baridi kama mnyororo. Neema amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba, ulikuwa unaongea."

"Nimesema nini?"

"Umesema, bado kidogo. Ulimwambia nani?"

Ilikuwa Jumapili. Nilifungua dirisha upande wa kilimani nikasikiliza, na kweli, hakuna kitu. Nikamshukuru Mungu kwa kuniamsha, kama nilivyofundisha wengine kufanya, lakini shukrani ilitoka kwa shida. Maisha yangu yote nimesimama makaburini nikiwaambia wafiwa kwamba waliolala wanangoja. Sikuwahi kufikiri kwamba wanaweza kungoja kitu ambacho hakiji.

Bado naamini. Ningekuwa nani leo bila imani? Ila tangu asubuhi ile, kila nikisali, nauona mlango ule ambao hautokezi mtu, na nyuso zile zinazoutazama.

Kaburi langu limetengwa jirani na la Zakayo. Ninyi wa usharika wetu mtakaonifuata kule, ujumbe wenu ndio huu, nimeubeba kama nilivyopewa. Mzee mwenye kofia ya ngozi atawaulizeni. Msimwambie. Inueni mkono, mseme: bado kidogo.