Muthokoi Kwanza, Tauni Baadaye

Sisi tuliokua Machakos miaka ya tisini tuliijua sheria moja isiyoandikwa popote: mtoto hashuki tauni, yaani mjini, na tumbo tupu. Mama alituamsha alfajiri, akatupakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akaikwangua sufuria hadi ikalia, kisha akasimama mlangoni na mwiko mkononi kama askari wa jela.

"Kuleni mshibe! Tukifika tauni sitaki kusikia mtu akisema njaa. Hoteli ni ya watu hawana jiko."

Jiko nililijua vizuri, tena nililipuliza hadi macho yakawa mekundu. Hoteli ndiyo sikuijua, ila kwa nje. Kulikuwa na moja karibu na soko, yenye kabati la kioo dirishani, na ndani ya kabati chips zimelala chini ya taa zikiota moto. Mimi na kaka yangu Mutua tukifika pale, miguu ilikuwa mizito ghafla. Mama alitukokota akitangaza, kwa sauti ambayo mwenye hoteli aliisikia, kwamba pesa ya sahani ile ingenunua viazi vya kutulisha hadi Krismasi. Shuleni kulikuwa na kijana mmoja aliyewahi kula kuku wa hoteli. Mara moja tu! Lakini alitusimulia muhula mzima, na kila simulizi tulimlipa kipande cha mandazi.

Basi Jumamosi moja ya Januari tukashuka kununua viatu vya shule. Asubuhi hiyo mama alituongezea muthokoi, maana kutafuta viatu vya bei nafuu ni kazi ya kutwa. Sokoni tukakutana na Anko Kioko, mdogo wake mama, aliyekuwa akivunja mawe kule Lukenya na ndiyo kwanza amelipwa.

"Aiyee! Mbona hawa watoto wamekonda hivi? Twendeni hoteli!"

Mama akakataa. Anko akamshika mkono, mama akakataa tena, lakini sasa kwa sauti ndogo. Nikajua Mungu yupo.

Tukanawa kwa kipande cha sabuni kilichofungwa kamba kwenye bomba, nadhani kisitoroke. Anko akatuagizia sisi watoto kuku na chips, na soda juu. Mama akasema yeye chai inamtosha. Nikatia chips ya kwanza mdomoni: tamu ajabu. Ya pili ikapita kwa shida. Ya tatu ilipofika kooni ikakuta muthokoi umefunga barabara.

Mutua alikuwa tayari amefungua kifungo cha kaptura na anapumua kwa mdomo. Mimi nikatoka nje, nikarukaruka nyuma ya hoteli kama ninayetwanga mahindi, labda mzigo ungeshuka upishe wageni. Haukushuka. Nikarudi, nikalitazama lile paja la kuku nililolilipia mandazi muhula mzima, nikaangua kilio.

"Huyu anaumwa wapi?" weita akauliza.

"Ameshiba," Anko akajibu, naye haamini.

Ndipo mama akaivuta sahani yangu. Alipoimaliza akaivuta ya Mutua. Yule adui mkubwa wa hoteli alikula nyama, akavunja mifupa, akapangusa sosi kwa chips ya mwisho.

"Kwani wewe hujakula leo?" Anko akamuuliza.

Mama akajifanya hasikii. Akalamba kidole, akatoa hukumu: "Hata chumvi haina."

Siku hizi wanangu hutazama chakula kupitia kioo cha simu tu. Tukiwa hotelini kuku akiletwa, hakuna sala, kuna picha. Amepigwa picha kuliko mimi siku ya harusi yangu! Akishapoa wanamdonoa, wanasema wameshiba, na asubuhi hawakula chochote. Nikiletewa bili roho inaniuma, nakumbuka viazi vya hadi Krismasi. Lakini Jumamosi ikifika natoka tena, maana lile paja bado nalidai.

Mwezi jana nikampeleka mama hotelini pamoja na wanangu. Nikaagiza kuku mkubwa, tena nikaomba waongeze chumvi. Mama akaketi na kikapu chake cha kiondo mapajani, akamtazama kuku, asimguse. Kisha akacheua, na mcheuo ule nikautambua.

"Mami, umekula muthokoi kabla tuje?"

"Kidogo tu," akasema, akishusha sauti watoto wasisikie. "Ningejua aje kama uko na pesa ya kutosha? Sikutaka uaibike mbele ya watoto."

Nikaukumbuka mwiko mlangoni, na sufuria ikilia, na kwamba asubuhi zile zote sikuwahi kuiona sahani yake. Hakuwa anatukinga na hoteli. Alikuwa anaficha kwamba hana pesa, na kwamba chakula kilitutosha sisi tu. Kwa mara ya pili maishani nikalia mbele ya paja la kuku.

Mama akanisukumia sahani yake.

"Kula yote," akasema. "Hata kama haina chumvi."