Mguu wangu ulivyotaka kuninyima Mwende

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Wiki hii nimesoma threads tatu za vijana ambao misuli yao inaruka na wameshajiandalia kaburi. Nimenyamaza, nimenyamaza, leo nimeshindwa. Mimi niliyapitia hayo kabla ya internet. Nitawaambia vile ilikuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Na nilikuwa mjinga sana.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha. Nilikuwa fundi wa nguo Sultan Hamud, nimeweka cherehani kwenye baraza ya duka la vyombo. Cherehani ya kukanyaga, si hizi za stima.

Nilikuwa na mchumba, Mwende, mwalimu wa nursery kule Zombe. Tulijuana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa, nikampenda vibaya. Mjomba wangu alikuwa ameshaenda kwao kuniombea. Kilichobaki ni ntheo.

Kwa wasio Wakamba: ntheo ni mbuzi ambao mwanaume anapeleka kwa kina msichana. Unaweza kufanya harusi ya kanisa na keki na kila kitu, lakini kama mbuzi hao hawajafika, wazee watakuambia huna bibi. Tulikubaliana niwapeleke ndengu zikishavunwa.

January ikaja na uniform za shule. Nikakanyaga cherehani kuanzia asubuhi mpaka jua lizame.

Siku moja nimekaa tu nakunywa chai, kigimbi cha mguu wa kulia, hii nyama ya nyuma, kikaanza kucheza chenyewe. Unaona kabisa chini ya ngozi, ni kama panzi ameingia kwenye soksi. Nikacheka. Kesho yake kikacheza tena. Wiki ya pili kinacheza hata nikiwa kanisani, na mguu umeanza kuuma.

Jirani yangu wa plot alikuwa anasomea unesi. Nikamwomba kitabu chake, kile kinene.

Wakuu, msiwahi kuomba kitabu cha nesi.

Nikapata ugonjwa mmoja wa neva humo. Misuli inarukaruka, halafu inakonda, halafu miguu inakataa, halafu mtu ni wa kulishwa na kijiko. Nilifunga kitabu nikakaa hapo mpaka chai ikapoa.

Sasa mimi ni fundi. Nikiambiwa kitu kinapungua, nachukua tepu. Nikapima vigimbi vyote viwili. Cha kushoto kilikuwa kidogo kwa nusu inchi, nikajua ugonjwa umeshavuka mpaka huko, na huo mguu umeshaanza kukonda. Haikunijia hata kidogo kwamba wa kulia ndio ulikuwa unakanyaga cherehani miaka minne, na ndio maana umenenepa. Na mimi kazi yangu ni kupima watu.

Nikawa napima asubuhi, mchana na jioni, naandika kwenye daftari ya vipimo vya wateja. Kaptura ya mtoto wa mama fulani, kiuno ishirini na mbili. Chini yake, kigimbi changu, kumi na tatu na robo.

Nikajitungia na test. Nikimaliza nguo moja, nasimama kwa vidole mara thelathini nione kama nguvu bado iko. Kwa siku nilikuwa nashona nguo kumi. Halafu jioni nashangaa mbona mguu unauma.

Nilienda dispensary. Daktari akanigonga goti na kanyundo, akanitembeza kwa visigino, akasema niko sawa, nipumzishe huo mguu. Nikamshukuru. Nikatoka nje nikapima tena.

Kusema ukweli, kufa hakukunisumbua sana. Kilichoniumiza ni Mwende. Nilikuwa namwona akinigeuza kitandani, msichana mdogo hivyo, maisha yake yote. Nikaona heri asiingie.

Nikamwandikia barua kwamba mbuzi wangoje, kuna mambo hayajakaa sawa. Sikusema ni mambo gani. Nilitaka achoke na mimi polepole.

Jibu lilikuja fupi. "Kuja useme mwenyewe."

Nikaenda Zombe. Nilimkuta anapepeta ndengu uani, mbuzi wao mmoja amefungwa kwenye nguzo ya jikoni. Nikamwambia yote, hata daftari nikamwonyesha. Nilidhani atalia. Akasoma hizo namba bila haraka, akaweka ungo chini.

"Umeuliza kitabu, umeuliza tepu, umeuliza daktari ukakataa jibu lake," akasema. "Mimi ndiye ningeshika hicho kijiko. Mbona hukuniuliza?"



Hapo ndipo mama yake akaingilia, na lazima kwanza niwaeleze kuhusu nthoni. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wanaheshimiana mpaka hawaongei ana kwa ana. Hamshikani mkono. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Huyo mama alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, anasokota makonge ya kusukia kiondo, na alikuwa amesikia kila neno. Kuniongelesha haiwezekani. Kunyamaza nako kumemshinda.

Akaanza kuongea na yule mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti ya kusikika, "unajua sisi wanawake tunasokota makonge juu ya paja. Hili langu la kulia linacheza tangu Mwende hajazaliwa. La dada yangu linacheza. Umewahi kusikia tumezikwa kwa sababu ya hiyo?"

Mbuzi alikuwa anakula maganda ya ndengu.

"Na mguu ukiulizwa mara mia tatu kwa siku kama bado ni mzima, si utachoka kujibu?"

Halafu sauti yake ikashuka.

"Baba ya Mwende alilala mwaka mzima, mgongo umekataa. Nilimlisha mimi. Sijawahi kujuta kwamba alinioa. Mbuzi, waambie wale wenzako wa Sultan Hamud watembee waje."

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima nimeinamia ungo wa ndengu. Mwende alikuwa anacheka na kulia pamoja, na ile tepu akaichukua mfukoni mwangu. Akaniambia kuanzia leo miguu yangu itapimwa na yeye peke yake.

Mbuzi walifika kwao kabla mwezi haujaisha. Maumivu yaliisha nilipoacha kusimama kwa vidole. Kigimbi hakikuacha kucheza.

Funzo langu si kubwa. Nenda kwa daktari, na kama mguu unakosa nguvu usingoje kesho. Lakini akikupima akasema uko sawa, weka tepu chini. Na usimwamulie mtu anayekupenda mzigo gani utamshinda.

Mama mkwe bado yuko, mzee sana. Mwaka jana miguu yake ilikataa kabisa, na Mwende akaniambia mama hataki kula, anasema amekuwa mzigo.

Nikaenda nikakaa nje ya dirisha lake. Miaka yote hiyo hatujawahi kushikana mkono. Mbuzi hawakuwa karibu, kulikuwa na kuku tu.

"Wewe kuku," nikasema, "kuna mama hapa ndani alinipa bibi wakati nilikuwa najiona maiti. Mwambie kwamba Mwende ameshika kijiko, na mimi niko hapa, na hakuna mtu anajuta."

Halafu nikasikia kutoka ndani, "Kuku, mwambie nimesikia. Mwambie Mwende alete uji. Na umuulize kama kile kigimbi bado kinacheza."

"Kinacheza," nikamwambia kuku.

Haya, wenye miguu inayocheza, jitokezeni hapa chini tujuane. Na kama huwezi kutuambia sisi, mwambie hata mbuzi.