Siku Niliyomwambia Mzee Nassor Arudi Kwao

Nakumbuka siku moja ya mkutano wa kijiji, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya. Nakusimulia kwa sababu nawaona nyinyi vijana mnavyobishana kwenye simu zenu: nani mwenyeji na nani mgeni, mwanamke aseme au asiseme, nani kapewa na nani kanyimwa. Bishaneni, sikukatazi. Mie mwenyewe nilikuwa mbishi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza masomo Chake Chake na kurudi kwetu Msuka. Tukaambiwa tutaletewa mfereji wa maji, yaani bomba la kukingia, mmoja tu, na wanakijiji wachague pa kuutia. Wanaume waliutaka msikitini, watu wapate kutawadha. Sisi wanawake tuliutaka karibu na majumba, maana sisi ndio tuliokuwa tukibeba ndoo kutoka kisimani asubuhi na alasiri, wajawazito na vikongwe pamoja. Mkutano ukafanywa uwanja wa skuli, wanaume mbele kwenye mabenchi, sisi nyuma kwenye mikeka.

Nikasimama kuomba kusema. Mzee Nassor akanikatiza. Alikuwa mtu mzima wa ukoo uliotoka Omani. Babu zake walimiliki mashamba makubwa ya mikarafuu, yeye kabakiwa na miti michache na kiduka cha vitambaa. Akasema mambo haya tuwaachie wanaume, jawabu tutaletewa nyumbani.

Hapo haki ilikuwa yangu, mwanangu. Ilinitosha kusema kwamba uzito wa ndoo anaujua aliyeibeba. Lakini hasira zilinipanda, nikamwambia, "Nyinyi Waarabu mmezoea kutuamulia. Enzi zenu zimekwisha. Kama hupendi, rudi kwenu Omani."

Watu wakapiga makofi. Nisikufiche, niliyafurahia. Mzee Nassor, aliyezaliwa Msuka na ambaye baba yake kazikwa Msuka, aliinuka akaenda zake. Bintiye Zuwena, niliyekuwa nikienda naye kisimani kila siku, akajitanda buibui lake akamfuata. Hakunitazama.

Mkutano ukavunjika. Tangu hapo hakuna aliyetaja maji tena. Kijiji kizima kikawa nani Mwarabu na nani si Mwarabu, babu wa nani alimfanya nini babu wa nani. Mafundi wa maji wakatuletea habari kwamba tusipopatana, mabomba yatakwenda kijiji kingine.

Nikaenda kwa shangazi yangu, Bi Mize, nikitaraji sifa, maana hakuwa mwanamke wa kumwogopa mtu. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, hata macho hakuinua.

"Ulisimama kuondoa dhulma," akasema, "ukaketi umeacha nyingine. Neno lako la maji, leo nani analikumbuka?"

Nikajitetea kwamba babu zake Mzee Nassor walitudhulumu kweli.

"Basi wadai babu zake. Yeye mdai lake: kakunyima kusema. Hilo linatosha."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona lenyewe. Nilikwenda kwa Mzee Nassor kutaka radhi. Akanikaribisha kwa heshima, akanipa kahawa, kisha akaniambia kwa upole, "Ulinitukana mbele ya watu, binti yangu. Usinitake radhi mbele ya kikombe."

Basi mkutano ulipoitwa tena, nikasimama palepale. Nikasema nimemvunjia mzee wangu heshima, na Msuka ni kwao kama ilivyo kwetu. Kisha nikaendelea: "Radhi naitaka kwa lile la asili yake. La maji silirudishi. Sisi ndio tunaobeba ndoo, na tunataka kusikilizwa."

Mzee Nassor akajibu kwamba radhi ameipokea, ila kuhusu mfereji bado hakubaliani nami. Akawageukia wenziwe. "Lakini waachieni wanawake waseme."

Wakasema, mwanangu, mmoja baada ya mmoja, hata wale ambao sikuwa nimepata kusikia sauti zao hadharani. Wengi wakaridhia, mfereji ukatiwa karibu na majumba, na wanawake wawili wakaingizwa kamati ya maji. Zuwena alinisamehe kwa mdomo siku ileile; moyo wake ulichukua misimu miwili ya mvua, nami sikumharakisha.

Basi nakuusia. Ukiiona dhulma, simama. Usikubali kuambiwa wewe mwanamke, au wewe mtoto wa fulani, kaa kimya. Lakini mshike mtu kwa alilotenda, usimshike kwa damu aliyozaliwa nayo, kwani hilo hawezi kulitubia. Makofi ya watu yasikudanganye. Na ukikosea hadharani, rudi hadharani, useme kosa lako na haki yako vilevile, bila kuchanganya.

Mola akupe ulimi wa kweli na moyo mpana, akujaalie wapinzani wenye insafu na uadilifu, na wewe uwe mmoja wao. Amin.